Hita ya Maji Imeharibika? Jinsi ya Kuchagua Mpya, Kuifunga na Kulipia Bila Kupoteza Pesa

Kila mwaka baridi ya Juni, Julai na Agosti ikiingia pande za Mlima Kenya, wateja wetu wa Meru na Embu hulipia vitu vya aina moja: shawa za stima, waya, swichi, tangi na kazi ya fundi. Malalamiko pia huja msimu huo huo. Kuna aliyemtumia deposit muuzaji wa mtandaoni na hakuona mzigo. Kuna aliyelipa fundi pesa yote asubuhi, na jioni simu ya fundi haipatikani. Kuna aliyenunua hita nzuri isiyofaa maji ya kwake, ikaungua kabla ya miezi kuisha.

Kwa hiyo somo letu la leo lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni hita yenyewe: utajuaje inayokufaa, na ni mambo gani fundi asiyaruke. Ya pili ni pesa: ulipe nani, lini, na kwa njia gani. Soma yote kabla ya kutoa hata shilingi moja.

1. Kwanza hakikisha kweli imekufa

Si kila hita isiyopasha maji inahitaji kutupwa. Kagua mambo haya kwanza.

Maji yanatoka vuguvugu jioni tu, lakini saa sita mchana ni moto sawasawa? Huenda shida ni nguvu ya stima, si hita. Jioni watu wote wanapika na kuwasha taa, na ukiwa mwisho wa laini, stima hushuka. Hita iliyotengenezwa kwa volti 240 ikipata volti 200, nguvu yake hushuka hadi karibu asilimia 70. Ukinunua nyingine ya aina hiyo hiyo, utaoga maji yale yale vuguvugu. Toa ripoti kwa Kenya Power kwanza.

Maji yanatoka kidogo sana na hita haiwaki kabisa? Shawa nyingi za stima huwashwa na msukumo wa maji. Tangi likiwa chini, au matundu ya shawa yakiziba kwa mchanga, haitawaka. Fungua kichwa cha shawa, kisafishe, ujaribu tena.

Maji yanatoka vizuri lakini baridi kabisa? Mara nyingi ni elementi iliyoungua. Kwa aina nyingi za shawa, elementi huuzwa peke yake kwenye hadiweya, kwa bei ndogo kuliko shawa nzima. Ila kama imeungua mara mbili kwa muda mfupi, uliza sababu. Huenda maji yako yana chumvi na shawa si ya maji ya chumvi.

Lakini ukiona haya, usirekebishe, badilisha: plastiki imeyeyuka mahali waya unapoingia, kuna harufu ya kuungua, tangi la hita linavuja, au mtu amepigwa shoti akigusa mfereji. Hilo la shoti si la kungoja mwisho wa mwezi. Zima swichi kuu, mtu yeyote asioge hapo mpaka fundi wa stima aangalie.

2. Ijue nyumba yako: mahali, maji, watu

Meru na Embu si hali ya hewa moja. Timau kuna baridi kali, Manyatta na Kianjokoma ni baridi ya majani chai, lakini Siakago na Ishiara jua ni la kutosha. Tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye hita.

Tuchukue shawa ya stima ya wati 5,500, na tuseme maji ya kuoga unayataka yafike nyuzi 40.

Maji ya tangi yakiwa nyuzi 12 (tuseme alfajiri ya Timau), shawa hiyo itakupa chini ya lita 3 za maji moto kwa dakika.
Yakiwa nyuzi 15, itakupa lita 3 na kidogo.
Yakiwa nyuzi 25 (tuseme Siakago), itakupa zaidi ya lita 5.

Ndiyo maana shawa moja husifiwa na mtu wa Mbeere na kulaaniwa na mtu wa Timau. Kwenye baridi kali unapunguza maji ili yapate joto, ukiongeza maji yanapoa. Hapo usimlaumu muuzaji. Ni nguvu ya shawa isiyotosha kazi.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Maji ya mito inayoshuka mlimani hayana chumvi nyingi. Lakini visima vya sehemu kavu mara nyingi vina chumvi, na hapo ni lazima ununue shawa iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi. Shawa ya kawaida ina elementi iliyo wazi ndani ya maji. Maji ya chumvi hupitisha stima zaidi, kwa hiyo mbali na kuungua haraka, inaweza kukupiga shoti. Kama unapata maji ya kampuni ya maji siku kadhaa na siku nyingine unajaza tangi kwa bowza la kisima, jihesabu kuwa mtu wa maji ya chumvi.

Jambo la tatu ni watu. Nyumba ya watu wawili na nyumba ya watu sita wenye wageni wa kila wikendi si kitu kimoja. Hapo hesabu inayofuata itakusaidia.

3. Hesabu ya stima: tumia ujumbe wa token yako

Usitumie bei ya uniti uliyoambiwa na jirani. Fungua ujumbe wa token ya mwisho uliyonunua. Chukua pesa yote uliyolipa, igawanye kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, pamoja na kodi na tozo zote.

Sasa tuchukue mfano. Familia ya watu 4 huko Nkubu, kila mtu anaoga dakika 8 kwa siku kwa shawa ya wati 5,500. Kila mtu anatumia uniti 0.73. Wote wanne ni karibu uniti 2.9 kwa siku, yaani uniti 88 kwa mwezi. Tuseme bei yao ni Sh28 kwa uniti. Kuoga peke yake ni Sh2,464 kwa mwezi.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Bei ya stima ya nyumbani hupangwa kwa makundi kulingana na matumizi yako ya wastani: wanaotumia uniti 30 kushuka chini, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Familia yetu ikiwa ilikuwa ikitumia uniti 40 kwa taa, TV na pasi, ukiongeza 88 za kuoga inafika 128. Imeruka hadi kundi la juu, na sasa hata uniti ya taa inailipia bei ya juu. Kwa hiyo ukiona token inakwisha haraka tangu ufunge shawa, usikimbilie kusema meta imeharibika.

4. Aina za hita na nani anafaa nini

Shawa ya stima. Bei yake ya kununua ni ndogo na kufunga ni kazi ya saa chache. Inafaa mpangaji, bedsita, au nyumba ya mtu mmoja au wawili. Gharama yake kubwa inakuja baadaye kwenye token. Na stima ikikatika, umerudi kwa sufuria.

Hita ya tangi ya stima. Hii hupasha maji na kuyatunza. Tangi la lita 50, kutoka nyuzi 18 hadi 60, hutumia karibu uniti 2.4. Likiwa na elementi ya wati 1,500, linachukua saa 1 na dakika 40 hivi. Uzuri wake ni kwamba waya wake si lazima uwe mnene kama wa shawa, na maji yanatoka kwa nguvu. Ubaya ni mazoea: ukiiacha imewashwa usiku kucha, unalipia kutunza joto ambalo mtu hatumii. Washa kabla ya kuoga, zima ukimaliza.

Sola. Ikweta inapita karibu na mji wa Meru, kwa hiyo jua tunalo. Lakini mlima pia tunao, na mawingu yake. Julai unaweza kukaa siku kadhaa bila jua la maana. Usinunue sola isiyo na elementi ya stima ya kusaidia siku za mawingu. Na usikubali kuambiwa kwamba stima ya kuoga utaisahau kabisa.

Je, sola inarudisha pesa yake? Turudi kwa familia ya Nkubu. Tuseme sola inabeba theluthi mbili za kazi. Wanaokoa kama uniti 59 kwa mwezi, yaani Sh1,652, ambayo kwa mwaka ni Sh19,824. Kama sola imewagharimu Sh100,000 zaidi ya shawa, pesa inarudi kwa karibu miaka 5. Lakini kwa nyumba ya watu 2 hesabu hiyo hiyo inafika karibu miaka 10. Ndiyo maana hatuwezi kukwambia sola ni nzuri kwa kila mtu. Weka namba zako mwenyewe.

Gesi. Hupasha haraka na haijali stima kukatika. Lakini sikia vizuri: hita ya gesi haifungwi ndani ya bafu. Moto wa gesi usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia kizunguzungu na usingizi, halafu haamki. Ifungwe nje, penye hewa inayopita, na bomba la kutoa moshi. Kama nyumba yako haina mahali hapo, acha gesi.

Kuni. Mashambani bado hita ya kuni ina maana, hasa ukiwa na matawi ya grevilea na visiki vya kahawa kila unapopunguza. Ifungwe nje ya nyumba, na bomba la kupumulia la tangi lisizibwe kamwe.

Halafu kuna ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Tunajua inauzwa kila soko. Mkono ukiingia kwenye maji kabla ya kuichomoa, hakuna kinga yoyote kati yako na stima. Kwenye nyumba yenye watoto, tunasema hapana.

5. Dukani: mambo manne ya kuangalia

Alama ya KEBS. Bidhaa ya hapa huwa na alama ya ubora, na ya kutoka nje huwa na stika ya bidhaa za nje. Nambari ya kibali unaweza kuithibitisha kwa kutuma SMS kwa 20023 kabla ya kulipa. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukifanya hivyo.

Wati na volti zilizoandikwa kwenye chombo chenyewe, si kwenye boksi tu.

Waranti iliyoandikwa. Uliza: inashughulikia nini? Elementi imo? Nani analipa usafiri nikiirudisha Nairobi? Mbona waranti ya tangi na ya elementi hazilingani?

Risiti rasmi yenye jina la duka, tarehe na nambari ya chombo. Ujumbe wa malipo kwenye simu unathibitisha ulilipa. Risiti ndiyo inayothibitisha ulilipia nini. Vihifadhi vyote viwili.

6. Siku ya kufunga: kile fundi asikiruke

Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe, na usione haya. Fundi wa bomba ni mtu wa maana, lakini kazi yake inaishia kwenye bomba.

Kwa shawa ya stima:
Wati 5,500 kwa volti 240 ni karibu ampea 23. Waya wa soketi ya kawaida hauwezi mzigo huo, utapata joto ndani ya ukuta. Shawa inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la swichi kuu. Itisha wa milimita 6 za mraba, na breka yake na swichi ya DP iliyo mbali na maji.
Waya wa erthi uunganishwe na ufike kweli ardhini. Kwenye majengo mengi ya zamani waya wa kijani upo, lakini mwisho wake haujaunganishwa popote. Fundi aupime, asiuangalie kwa macho tu.
Ongeza kinga ya RCD ya miliampea 30. Hiyo hukata stima kwa sehemu ndogo ya sekunde ikianza kuvuja kwenda mahali isipotakiwa, kwa mfano mwilini mwa mtu. Kati ya vitu vyote utakavyolipia siku hiyo, huu ndio usiopunguza ili upate bei.
Maji yapite kwanza kabla ya stima kuwashwa mara ya kwanza. Elementi ikiwaka kavu, inakatika hapo hapo, na waranti haitakusaidia.

Kwa sola:
Lita 200 za maji ni kilo 200, kabla hujahesabu tangi na fremu. Mbao za paa ziangaliwe kabla ya mzigo kupanda.
Sola ya mirija isiyo ya presha haivumilii pampu. Inajazwa na tangi la maji baridi lililo juu yake.
Mirija ya kioo isijazwe maji baridi jua likiwa kali, itapasuka. Ijazwe asubuhi mapema au jioni.

Kwa hita ya tangi: kuna valvu ndogo inayotoa maji presha ikizidi. Ikidondosha matone, usiruhusu mtu aizibe. Ukiiziba, tangi linaweza kupasuka.

Kama wewe ni mpangaji, ongea na landilodi kabla ya fundi kutoboa ukuta. Mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi: nani analipia waya, na ukihama hita inabaki au unaondoka nayo?

7. Kulipa: gawanya pesa, usiitoe yote mara moja

Hapa ndipo wengi hupoteza. Fuata mpango huu.

Kwanza, hita na vifaa vilipie dukani mwenyewe. Fundi aandike orodha, wewe ulipe kwa namba ya till ya duka. Ukimtumia fundi pesa ya vifaa kwa namba yake, hutajua waya alionunua ni wa milimita ngapi, na risiti itakuwa ya kwake.

Pili, soma jina kabla ya kuweka PIN. Kama duka linaitwa jina moja na till inaleta jina la mtu mwingine kabisa, simama uulize. Jibu la "ni ya shemeji yangu, yetu ina shida leo" halitoshi. Omba namba nyingine au lipa siku nyingine.

Tatu, pesa ya kazi igawanywe. Tuseme mmepatana Sh6,000. Mpe Sh1,500 akifika na vyombo vyake, Sh3,500 kazi ikiisha na ukiwa umejaribu mwenyewe maji yakiwa moto, na Sh1,000 baada ya wiki moja bila kuvuja wala breka kuruka. Mkubaliane hivyo mapema, kwa heshima: "Fundi, mimi hulipa hivi, sawa?" Fundi mzuri atakubali, kwa sababu naye anajua utamwita tena.

Nne, kwa wauzaji wa mtandaoni wasio na duka unalolijua: usitume deposit kwa namba ya mtu binafsi ili "akushikie mzigo". Ukiona hita ya bei ya chini sana, picha nzuri, na haraka nyingi ya kutumiwa pesa ya kurasheni mzigo hadi Embu au Makutano, hiyo haraka ndiyo dalili. Lipa mzigo ukiwa mbele yako.

Tano, ukikosea namba au ukishuku umetapeliwa, ripoti kwetu mara hiyo hiyo. Usingoje kesho, na usianze kujadiliana na aliyepokea. Tukiwahi kabla pesa haijatolewa, kuna nafasi. Ikishatolewa, kazi inakuwa ya polisi. Na kumbuka, mfanyakazi wetu hatakuuliza PIN hata siku moja.

8. Pesa itoke wapi?

Hita inakaa miaka. Usiilipie kwa mkopo wa simu wa siku chache unaotozwa ada kila siku. Panga kulingana na pesa yako inavyoingia.

Kama unauza majani chai kiwandani, bonasi hulipwa baada ya baridi kuisha, karibu Oktoba. Wakati huo wengi hawafikirii hita, na fundi ana nafasi. Nunua hapo, usingoje Julai. Kama unauza miraa kule Maua au muguka Mbeere, pesa inaingia kidogo kidogo: weka akiba ya Sh200 kila siku ya soko kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, na utashangaa. Kama una mshahara, zungumza na sacco. Na chama chenu kinaweza kununua sola kwa zamu, mkiitisha bei ya jumla kutoka duka moja.

9. Mambo yakiharibika

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka huduma unayouziwa iwe ya ubora unaokubalika. Kwa hiyo anza na duka, ukiwa na risiti na ujumbe wa malipo. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria yake inalenga kesi iishe kwa siku 60. Si lazima uwe na wakili. Ushahidi wako ni vitu tulivyokwambia uhifadhi: risiti, ujumbe wa malipo, makubaliano ya maandishi, na picha za kazi.

Kabla hujalipa, jiulize haya

Nimehakikisha shida ni hita, si stima wala msukumo wa maji?
Maji yangu ni ya chumvi au la?
Nimepiga hesabu ya token kwa bei yangu halisi?
Fundi ana leseni? Erthi itapimwa? RCD imo kwenye orodha?
Jina la till ni la duka?
Pesa ya kazi nimeigawanya mara tatu?

Ukijibu sawa kwa yote, endelea. Ukikwama kwenye swali moja, zuia pesa mpaka upate jibu. Maji unaweza kuchemsha kwa sufuria siku mbili zaidi. Somo lijalo tutaangalia jinsi ya kusoma taarifa ya matumizi ya akaunti yako ya mwezi mzima na kujua pesa inaenda wapi.